Nyumba ya Nairobi, Mtoto wa Masii

Ukitaka kuijua shida ya nyumba za Nairobi, msomaji, si lazima uende Nairobi. Panda gari la kwenda Kitui, upite Machakos, na kabla hujafika Wamunyu kwa wachonga vinyago, uteremke Masii. Fanya hivyo katika wiki ya kwanza ya Januari, wakati Krismasi imekwisha, mbuzi wamekwisha, na watu wa mjini wanarudi kazini. Keti kivulini karibu na kituo cha magari, utazame. Utawaona akina mama vijana wamevaa nguo zao za safari, mkoba begani, mfuko wa maembe mkononi. Kando ya kila mmoja amesimama nyanya, naye ameshika mtoto mkono. Gari linapiga honi. Mama anapanda, mtoto anabaki.

Wengine hulia mpaka vumbi la gari litulie. Wengine hawalii kabisa, na hao ndio wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu wamekwisha kuzoea.

Mimi nilisimama hapo mwaka 1969, nikiwa na miaka mitatu. Gari silikumbuki wala honi. Ninachokumbuka ni leso ya susu, ambayo ilinuka moshi wa kuni. Susu ndilo jina ambalo sisi Wakamba tunawaita nyanya zetu. Nilipojua kusema sawasawa, ni huyo susu niliyemwita mwaitu, yaani mama yangu. Yule aliyekuja kila Krismasi na mkate na soda nilimwita kwa jina lake, kama nilivyosikia watu wazima wakimwita. Kila mtu alicheka, ila yeye.

Sisemi haya kwa kulalamika. Susu alinilea vizuri, na wengi wa rika langu walilelewa hivyo hivyo. Nayasema kwa sababu siku hizi kila nikifungua gazeti nakutana na habari za nyumba za bei nafuu: ghorofa ngapi, vyumba vingapi, mtu aweke amana kiasi gani, alipe kwa miaka mingapi. Nasoma mpaka mwisho nikitafuta swali moja, nalo silioni. Mama akisha kupewa ufunguo, na asubuhi akatoka kwenda kibaruani, mtoto atabaki na nani?

BOMA LENYE MACHO

Wazee wetu hawakuwa na sababu ya kuuliza swali hilo, maana jibu lilikuwa katika ujenzi wenyewe. Boma la Mkamba, musyi, halikuwa paa moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake ya mviringo iliyoezekwa kwa nyasi, na mbele ya boma palikuwa na thome, uwanja wa wanaume wenye moto wake, ambapo wazee walizungumza mashauri na wavulana wakajifunza kwa kusikiliza. Mtoto akisha kuachishwa ziwa, mara nyingi alihamia kulala kwa nyanya yake, akapisha yule ajaye. Mama alipokwenda mtoni au shambani hakulipa mtu wala hakumsihi jirani. Uwanja ulikuwa na macho. Popote mtoto alipotambaa palikuwa na mtu mzima ambaye kazi yake ya siku hiyo, awe anapepeta mtama au anasuka kiondo, ilimweka karibu.

Lakini tusiwapambe wazee kupita kiasi. Watoto waliungua zamani pia. Na yule msichana wa miaka minane aliyebebeshwa mdogo wake mgongoni tangu asubuhi alikosa mchezo, na shule zilipokuja akakosa shule. Malezi ya bure hayakuwa ya bure. Aliyelipa alikuwa mtoto wa kike. Ninachotaka kushika hapa ni jambo moja tu: aliyepanga boma hakusahau kwamba litakaliwa na watoto.

MSHAHARA WA TUMBO MOJA

Nairobi ilijengwa kwa fikira nyingine kabisa. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mwanamume, mikono miwili na kipande shingoni, afanye kazi yake kisha arudi kwao. Kwa miaka mingi mtu huyo hakujengewa nyumba. Alipewa nafasi ya kitanda. Na mshahara wake ulipimwa kwa tumbo moja. Mke na watoto, ilidhaniwa, watakula cha shamba. Jambo hili halikuwa siri. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, ilisema wazi kwamba malipo yalipimwa kwa mahitaji ya kapera, ikapendekeza yapandishwe hatua kwa hatua hadi yamtoshe mtu na familia yake.

Hebu tufikiri maana yake. Kila senti ambayo mwajiri hakumlipa baba kwa ajili ya mtoto ilibidi itoke mahali. Ilitoka Masii. Ilitoka Mbooni na Kangundo, ilitoka Kitui. Ilitoka katika chungu cha muthokoi na katika mgongo wa mwanamke aliyekilima alichokipika. Nyanya wa kijijini alikuwa akiwasaidia matajiri wa viwanda vya Nairobi kulea wafanyakazi wao wa kesho, na hakuna aliyemwandikia risiti.

Wala Machakos ya siku hizo haikuwa nchi ya neema. Katika miaka ya 1930 udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, na serikali ilipojaribu kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu mwaka 1938, Muindi Mbingu aliongoza maelfu kwenda Nairobi kupinga. Wilaya ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwaka 1932. Kufikia 1989 walikuwa kama 1,393,000, karibu mara sita. Wengi walitabiri jangwa. Lakini wataalamu Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walioichunguza wilaya hiyo, Masii ikiwa miongoni mwa sehemu walizozitazama kwa karibu, waliandika mwaka 1994 kwamba mambo yamekwenda kinyume: watu wameongezeka, na udongo unatunzwa kuliko zamani. Matuta yalichimbwa na watu wenyewe, sehemu kubwa kwa mwethya, ile desturi yetu ya kusaidiana kazi kwa zamu. Na kwa kuwa wanaume wengi walikuwa mjini, majembe mengi ya mwethya yaliinuliwa na wanawake.

Nilikuwapo, katika matuta hayo, pembeni. Sisi watoto tulilazwa chini ya mgunga juu ya magunia, tukiangaliwa na mkongwe mmoja ambaye mgongo wake haukuweza tena jembe. Hakuchimba hata futi moja, lakini mwisho wa siku alihesabiwa kuwa amefanya kazi sawa na wengine. Baadaye nilipokua nikasikia watu wakijadiliana kama ulezi wa watoto ni kazi au si kazi, nilishangaa. Akina mama wa mwethya walikwisha kuamua.

KOSA LA CHUMBA

Mwaka 1971 mama alijaribu kutuchukua. Baba alikuwa Changamwe, Mombasa, akichonga vinyago kama Wakamba wengi, akituma pesa watalii waliponunua na kunyamaza walipokosa. Mama alikuwa amepata kazi ya kufunga bidhaa katika kiwanda kimoja Nairobi. Akapanga chumba mashariki mwa mji, akaja Masii, akanichukua mimi na ndugu yangu mdogo ambaye alikuwa ameanza kutambaa. Pamoja nasi alimchukua msichana wa jirani awe yaya. Yaya huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja.

Chumba nakikumbuka vizuri zaidi kuliko watu. Kitanda kimoja, pazia, sanduku, dirisha dogo lililotazama ukuta. Nje palikuwa na ujia mwembamba uliojaa maji ya kufulia, kwa hiyo jiko la makaa liliwekwa ndani, karibu na mlango, maana hapakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Asubuhi moja yaya alibandika uji, akageuka kuchukua sukari. Mimi nilikuwa mlangoni nikicheza na vifuniko vya soda. Nilisikia sufuria.

Mkono wa ndugu yangu uliungua kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Alipona, lakini vidole viwili havikunyooka tena. Mama alipata habari saa nane mchana, akatoka kazini mbio, na mwisho wa wiki akakatwa nusu siku. Yule msichana alilia kuliko aliyeungua. Naye pia alikuwa mtoto aliyehitaji kuangaliwa. Majirani walimlaumu yaya, wengine wakamlaumu mama. Mama mwenyewe hakumgusa msichana wala kumfokea. Alisema kosa ni la chumba.

Mwezi haujaisha, tulikuwa tumerudi Masii, wote watatu.

Nimeyakumbuka maneno hayo ya mama mara nyingi. Chumba kile kilikuwa na paa zuri na mlango wenye kufuli. Kodi yake aliimudu. Kwa hesabu za leo angeandikwa kuwa mtu aliyepata nyumba ya bei nafuu. Lakini nyumba ambayo kila asubuhi inamlazimisha mama achague kati ya mshahara na mtoto, bei yake si ile iliyoandikwa katika daftari la mwenye nyumba.

KULIKUWA NA WALIOJUA

Isidhaniwe kwamba hakuna aliyewahi kufikiri vingine. Katika Nairobi hiyo hiyo, miaka ya 1940, ulijengwa mtaa wa Kaloleni, na katika kazi hiyo wafungwa wa kivita wa Kitaliano walitumiwa. Kaloleni ulikuwa tofauti na mitaa ya nafasi za vitanda. Ulikusudiwa kwa watu na jamaa zao. Nyumba zilikuwa chini, zimezunguka viwanja vya nyasi, na katikati kulikuwa na ukumbi mkubwa na huduma za jamii, pamoja na shule ya watoto wadogo. Watu wengi wanaukumbuka ukumbi wa Kaloleni kwa siasa, maana ndimo wanasiasa walimopigia kelele hata ukabandikwa jina la bunge la Waingereza. Mimi naukumbuka mtaa huo kwa sababu ya viwanja. Nilikuwa na shangazi pale. Mtu akisimama katika mlango wa jikoni aliwaona watoto wa nyumba sita. Nilipoingia mara ya kwanza nilihisi nimefika musyi, ingawa sikuwa na maneno ya kulisema hilo.

Huko Ulaya pia. Mji wa Vienna, uliokuwa na wafanyakazi wengi waliobanana katika vyumba vibovu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ulijenga majumba makubwa ya kodi ndogo. Lililo maarufu zaidi, Karl-Marx-Hof, lilifunguliwa mwaka 1930 likiwa na makao 1,382, na ndani yake kulikuwa na mahali pa watoto wadogo, vyumba vya kufulia na mabafu. Mfuaji hakuacha mtoto mbali. Aliyekwenda kiwandani alimpitisha mtoto mlango wa jirani. Hilo ni karibu miaka mia iliyopita, na watu bado wanaishi humo.

Stockholm nako, mwaka 1935, mjenzi Sven Markelius akishauriana na mwanamke msomi Alva Myrdal alisimamisha nyumba yenye jiko la pamoja na mahali pa kulelea watoto, ili akina mama waweze kufanya kazi. Fikira ilikuwa njema. Lakini waliohamia wengi wao walikuwa wasomi na watu wenye nafasi, si wafanyakazi wa viwandani. Tusilisahau hilo tunapojenga zetu. Nyumba nzuri iliyo karibu na huduma nzuri huwavuta wenye pesa kama asali inavyovuta siafu, na asipowekwa mlinzi katika orodha ya majina, yule aliyekusudiwa atabaki nje akisoma bango.

PAA KWANZA, KISHA NASARI

Turudi Masii. Mama hakupata nyumba ya Kaloleni, akaendelea na chumba chake peke yake. Lakini kijijini akina mama hawakukaa bure. Wale wale wa mwethya wa matuta walianza kuchanga pesa za mabati. Kila mwezi kila mmoja alitoa kidogo, na zamu ilipofika mmoja alinunuliwa mabati yake, wote wakaja kusomba mawe na maji mpaka paa likapanda. Susu alipata paa lake mwaka 1974. Usiku wa mvua ya kwanza hatukulala kwa kelele, naye hakutaka tulale, alitaka tusikilize.

Walipomaliza mapaa, waligeukia watoto. Ilikuwa enzi ya Harambee, na nasari zilichipuka kila mahali, chini ya mti, katika kanisa, katika kibanda cha udongo. Ya kwetu ilikuwa ya udongo. Mwalimu alikuwa msichana aliyekomea darasa la saba, akilipwa kwa mahindi na sarafu chache. Hapakuwa na vitabu. Kulikuwa na uji, uzio wa miiba, na mtu aliyekaa hapo tangu asubuhi hadi mama atoke shambani. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa nasari bora kuliko nyingi nilizoziona baadaye.

Nitaeleza kwa nini. Mwaka 1980 nasari ziliondolewa chini ya wasimamizi wa maendeleo ya jamii zikawekwa chini ya Wizara ya Elimu ya Msingi, na mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo. Mafunzo ya walimu yalipatikana, na mimi si mtu wa kuidharau elimu. Lakini kidogo kidogo nasari ikageuka shule. Ikavaa sare. Ikadai mtoto ajue herufi. Ikafunga mlango mchana. Leo darasa la awali humpokea mtoto wa miaka minne. Na yule wa miezi minne? Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mama aliyeajiriwa miezi mitatu ya likizo ya uzazi. Na mama wa kibarua, ambaye hana barua ya kuajiriwa, mara nyingi hana hata hiyo. Kati ya mwezi wa tatu na mwaka wa nne kuna shimo, na humo ndimo anamotumbukia yaya wa miaka kumi na mmoja.

KIFUNGU CHA NANE NA CHA TISA

Katiba ya Kenya ya 2010 imesema katika kifungu cha 43 kwamba kila mtu ana haki ya nyumba inayofaa. Wengi wanalijua hilo. Wachache wamefungua mwisho wa kitabu, kwenye Jedwali la Nne, panapogawanywa kazi za serikali kuu na za kaunti. Huko, katika orodha ya kaunti, namba 8 ni mipango na maendeleo, na ndani yake imetajwa nyumba. Namba 9, mstari unaofuata, ni elimu ya awali na vituo vya kulelea watoto. Zimeandikwa moja chini ya nyingine. Katika karatasi zimekaa kama mke na mume. Katika ofisi sijui kama zimewahi kunywa chai pamoja.

Serikali kuu nayo ilipitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu mwaka 2024. Kwa sheria hiyo mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mengi yamesemwa juu ya makato hayo, mahakamani na barabarani, sitayarudia. Nasema tu kwamba mama anayekatwa pesa hizo amekwisha kulipa kiasi cha kumpa haki ya kuuliza swali langu la mwanzo. Ramani nyingi zimechorwa zikiwa na mahali pa magari. Mtoto ni mdogo kuliko gari, na hahitaji petroli.

Hata vituo vyenyewe si kwamba havipo. Katika mitaa ya watu wa kipato cha chini ya Nairobi kuna akina mama wengi wanaopokea watoto wa wenzao kwa malipo ya siku, watoto kumi au ishirini katika chumba kimoja. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya vituo hivyo mwaka 2017. Shirika liitwalo Kidogo, lililoanza katika muongo wa 2010, limekuwa likiwafunza akina mama hao hao badala ya kuwafukuza, na hapo nadhani ndipo penye busara: mlezi yupo tayari, anachokosa ni mafunzo, maji, choo kidogo na chumba chenye hewa. Ni chumba tena.

CHUMBA CHA KUMI

Shida hii sasa imefika Masii yenyewe. Nyuma ya maduka yetu zimejengwa ploti, safu mbili za vyumba zinazotazamana, na ndani wanaishi wasichana wa hotelini, washonaji, vijana wa bodaboda na wake zao, watu waliotoka vijiji vya ndani kutafuta riziki sokoni. Nyanya zao wako mbali, au wamekufa, au wenyewe wanauza nyanya na vitunguu pembeni mwa barabara. Hiyo ni habari ambayo wapangaji wa miji hawajaipata: akiba ya nyanya inakwisha. Susu wa zamani alikuwa mkongwe wa thome na kiondo. Nyanya wa leo ana miaka arobaini na tisa, ana kibanda cha chakula, ana mkopo wa chama wa kulipa.

Nimezungumza na wenye ploti wawili, marafiki zangu, na nimewapa hesabu yangu, nawe msomaji nakupa uipime. Tuseme ploti ina vyumba kumi, na kila kimoja ni shilingi 2,700 kwa mwezi. Chumba cha kumi, kile cha mwisho karibu na bomba, kisikodishwe kwa mtu. Kiwe cha watoto. Kodi yake igawanywe kwa wapangaji tisa, shilingi 300 kila mmoja. Mwenye ploti hapotezi hata senti. Jiko lisiingie humo. Mlango uwe wa vipande viwili, nusu ya chini ifungwe, nusu ya juu ibaki wazi ili anayefua aone ndani. Mlezi alipwe na wenye watoto, kiasi kile kile wanachomlipa sasa jirani wa kubahatisha. Kaunti isimtoze ada, ila imtume mkaguzi na muuguzi.

Rafiki yangu wa kwanza alicheka. Aliuliza kwa nini kapera wa chumba cha tatu alipe shilingi 300 kwa ajili ya watoto wasio wake. Nikamwuliza kwa nini mama yake alichimba matuta katika shamba la watu ambao mahindi yao hakuyala. Akanyamaza, kisha akasema siku hizo watu walikuwa tofauti. Sikubaliani naye. Siku hizo pia walikuwapo wavivu na wachoyo, na kulikuwa na faini kwa asiyekuja mwethya.

Rafiki wa pili hakucheka. Alisema mpangaji mwenye mtoto ndiye hahami ovyo, na kuhamahama kwa wapangaji ndiko kunakomla. Ameahidi kujaribu katika ploti anayojenga sasa. Msingi umekwisha kuchimbwa. Nimeuona, na nimehesabu vyumba, viko kumi na kimoja. Ameniambia hicho cha ziada ni stoo. Nitapita tena.

Dada yangu mdogo, aliyezaliwa mwaka 1975 baba akiwa bado Changamwe, yuko hapa Masii. Binti yake ni mshonaji Athi River, katika eneo la viwanda vya nguo za kuuzwa ng'ambo. Huko wanawake wengi wa Ukambani wameketi kwenye cherehani, na bado ni ndani ya kaunti hii yetu ya Machakos. Amepanga chumba kimoja. Mtoto wake wa miaka miwili na nusu yuko kwa dada yangu. Dada alikuwa na biashara ya mitumba sokoni; ameifunga tangu mtoto alipoletwa, maana huyu mtoto hakai, na barabara ya magari ya Kitui iko hatua chache kutoka kwenye kibanda.

Januari iliyopita nilikuwa kituoni wakati mpwa wangu akirudi kazini. Mtoto alikuwa mgongoni mwa dada, akila embe. Gari lilipoondoka alilipungia mkono vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Kisha akainamisha kichwa kwenye bega la dada, akamwita mwaitu, akaomba embe lingine.